Mwongozo wa Skuta kwa Mwenye Vyeti Vingi Anayetaka Kwenda Kanada

Mkazi wa Skuta, hapa Nyeri, hana haja ya kuitafuta Kanada. Kanada humtafuta yeye. Iko kwenye karatasi iliyobandikwa nguzo ya stima, iko kwenye simu ya shangazi, na Jumapili baada ya ibada iko kwenye tangazo la harambee ya kijana wa fulani. Ujumbe ni uleule: kama una vyeti, jaribu bahati. Na vyeti tunavyo. Kaunti ya Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ina Chuo Kikuu cha Karatina, ina Nyeri National Polytechnic, ina chuo cha tiba cha KMTC, ina shule za wauguzi za Mathari na Tumutumu, ina chuo cha walimu cha Kagumo. Kwenye foleni ya maziwa asubuhi hukosi watu watatu wenye digrii, na anayepima maziwa ni wa nne.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Unaeleza jinsi elimu inavyogeuzwa alama, na jinsi ya kuzipoteza alama hizo bila kukosea hata hatua moja. Hatua zote zilizomo zimeshafuatwa na watu werevu. Hesabu ni za mfumo wa Express Entry, ambao Kanada imeutumia kuchagua wahamiaji tangu Januari 2015, kama zilivyokuwa mwaka 2025. Anayesoma baadaye na akague jedwali upya, maana serikali ile hubadilisha jedwali lake bila kutangaza kanisani.

Hatua ya kwanza: Amini kwamba wanakujua

Kanada ilianza kuwapima wahamiaji kwa alama mwaka 1967. Kwa miaka mingi kabla ya hapo ilitazama sana mtu ametoka wapi, na aliyetoka kwetu hakuwa na sababu ya kununua sanduku. Jedwali likaletwa ili karani apime elimu, lugha, umri na kazi badala ya rangi ya ngozi.

Wazee wetu walisafiri kwa njia nyingine. Wangari Maathai, binti wa Ihithe, aliondoka mwaka 1960 kwenda chuo huko Kansas, katika zile safari za wanafunzi zilizoandaliwa na mwanasiasa Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Zama hizo kijana mwenye kichwa chepesi alionekana na mtu: mwalimu, padri, mwanasiasa. Leo unaonwa na jedwali, na jedwali halijui kwamba ulikuwa wa kwanza darasani tangu chekechea.

Hilo lina uzuri wake. Jedwali haliulizi wewe ni mtoto wa nani wala ni mheshimiwa gani aliyekupigia simu. Hata undugu wameuwekea bei. Kaka au dada mwenye miaka 18 au zaidi, anayeishi Kanada akiwa raia au mkazi wa kudumu, ana alama 15. Binamu ana sifuri. Usijisumbue kueleza kwamba kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako kabisa na mlilala kitanda kimoja, wanataka hati. Iweke hiyo 15 akilini, itahitajika.

Hatua ya pili: Beba vyeti vyote

Nunua faili nene. Weka KCPE, KCSE, cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, cheti cha udereva, cheti cha semina ya uongozi chenye sahihi ya mgeni wa heshima, na cheti cha ubatizo kwa usalama zaidi. Kisha mshangae pamoja, wewe na faili, mtakapogundua kuwa Kanada husoma kimoja tu: kile cha juu kabisa.

Kwa mtu asiye na mwenzi, cheti cha shule ya upili kina alama 30. Kozi ya mwaka mmoja baada ya hapo ina 90, ya miaka miwili ina 98. Shahada ya kwanza, au kozi yoyote ya miaka mitatu na zaidi, ina 120. Uzamili una 135. Uzamivu una 150, nao ndio mwisho. Alama hazijumlishwi. Mwenye uzamivu hapewi 150 na 135 na 120 na 30. Anapewa 150 na pongezi za familia.

Linalouma zaidi ni kwamba daraja halihesabiwi. Aliyepata daraja la kwanza, aliyechinjiwa mbuzi na kubebwa juujuu siku ya mahafali, ana 120. Aliyepenya na daraja la mwisho baada ya kurudia mitihani ana 120. Kozi nayo haiongezi kitu hapa: uhandisi ni 120, sosholojia ni 120, na ile digrii ambayo mjomba wako bado anauliza ni ya kazi gani ni 120. Kama kuna mahali duniani ambapo ubishi wa nyumbani kuhusu kozi bora umemalizwa, ni hapo.

Hatua ya tatu: Peleka vyeti mwenyewe

Vyeti vya Kenya havihesabiki mpaka viwe vimetathminiwa na shirika linalotambuliwa na serikali ya Kanada. Sharti hili lilianza mwaka 2013. Shirika linalotumiwa sana na watu wetu ni World Education Services, WES. Yako mengine, ikiwamo ofisi ya Chuo Kikuu cha Toronto, na madaktari na wafamasia wana vyombo vyao. Kazi ya shirika hilo inafanana na ya karani wa kiwanda cha kahawa pale Mathira: kabla ya kupima kilo, anakumwagia kahawa yako chini uchambue, nyekundu huku, mbichi kule, na ulichosema njiani kuhusu uzito wa gunia hakimhusu. Mwisho unapewa ripoti inayosema cheti chako ni sawa na kipi cha Kanada. Ripoti hiyo hutumika miaka 5.

Mwongozo wetu unapendekeza ujipelekee transkripti mwenyewe, ikiwa imepigwa muhuri na kulaminishwa vizuri pale saiba. Itakataliwa, na utakuwa umeanza safari kwa mguu unaofaa. Shirika hutaka chuo chenyewe kiitume, moja kwa moja, bila kupitia mkononi mwako. Hapo ndipo utakaporudi chuoni, ukutane na msajili, akutume kwa mhasibu, mhasibu akutume maktaba, na maktaba ikukumbushe kitabu ulichoazima mwaka wa pili. Ambaye hakumaliza ada atajua siku hiyo kwamba deni la chuo halizeeki. Usiwe na haraka. Kila mwezi unaopita una bei yake, na tutaitaja.

Wapo watakaokuonyesha njia ya mkato kupitia vichochoro vya River Road, Nairobi, ambako digrii huiva kwa siku moja. Mwezi wa Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya uhakiki wake: vyeti bandia 2,067 katika ofisi za umma za Kenya. Hivyo vyote vilikuwa vimepita mezani kwa mtu. Kanada cheti hakipiti mezani kwa mtu wako, kinaulizwa chuoni. Adhabu ya kutoa habari za uongo ni kufungiwa nje miaka 5, na kwa kijana wa miaka 33 hiyo ni adhabu mara mbili, kama tutakavyoona.

Hatua ya nne: Usijiandae kwa Kiingereza, maana ulisoma kwa Kiingereza

Hii ndiyo hatua yenye mafanikio makubwa kuliko zote. Mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, akaandika tasnifu kwa Kiingereza na kuachwa na mpenzi kwa Kiingereza, haoni kwa nini afanye mtihani. Lakini kila mtu anafanya, hata Mwingereza aliyezaliwa London.

Mwaka 2021 Kenya ilitia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza. Mwaka huohuo Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa wakati ule na mwana wa hapa Nyeri aliyewahi kuwa mbunge wa Mukurwe-ini, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliojaribu ni 10 tu waliopita mtihani wa Kiingereza. Taifa likacheka, kisha likalia, kisha likasema mtihani una njama. Waliofeli walikuwa wauguzi kamili, wanaojua kuchoma sindano na kuandika ripoti ya zamu. Hawakujua mtihani ule unataka nini, na kujua mtihani ni somo la peke yake.

Sasa tazama hesabu. Chukua kijana wa kubuni wa Skuta: miaka 33, hajaoa, ana shahada moja, na amefanya kazi ya kitaaluma miaka mitatu. Kanada hupima lugha kwa ngazi ziitwazo CLB. Akipata 6 katika kila sehemu ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, yuko ngazi ya 7. Akipata 8 kusikiliza na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, yuko ngazi ya 9.

Akiwa ngazi ya 9: umri 88, elimu 120, lugha 124. Kisha kuna fungu ambalo watu wengi hawalijui, linalounganisha elimu na lugha, na tena kazi na lugha. Hapo anapata 25 kwa digrii na 50 kwa miaka yake ya kazi. Jumla 407.

Akiwa ngazi ya 7: umri ni uleule, digrii ni ileile, lakini lugha ni 68, na lile fungu la kuunganisha linampa 13 na 25. Jumla 314. Tofauti ni alama 93, na hajaongeza wala kupunguza cheti hata kimoja. Tena hizo 314 ni za kujifurahisha tu, kwa sababu kuna mlango wa kwanza: mtaalamu wa kutoka nje hupimwa kwanza kwa jedwali dogo la alama 100, na lazima afikishe 67. Huyu wa ngazi ya 7 anapata 12 za umri, 21 za shahada, 16 za lugha na 11 za kazi. Hizo ni 60. Amebaki nje ya geti na digrii yake.

Yuko pia mwenzake aliyefanya vizuri kila mahali isipokuwa kuandika, akapata 6.5 badala ya 7. Nusu daraja. Jedwali dogo anapita na 67 kamili, mshipa umemsimama shingoni. Kwenye jedwali kubwa anapoteza 8 za lugha, na kwa kuwa fungu la kuunganisha linadai ngazi ya 9 kila sehemu, anapoteza 37 nyingine. Jumla 45. Nusu daraja la insha limemla mara tatu ya pengo lililopo kati ya shahada na uzamili kwenye safu ya elimu. Ndiyo maana mwongozo huu unakushauri ukafanye mtihani siku uliyotoka kwenye matanga, bila kulala, ukiwa na hakika.

Hatua ya tano: Rudi shule

Ukiona alama hazitoshi, ada zipo. Ushauri wa mtaa ni mmoja: kafanye uzamili. Utasoma jioni na wikendi kwa miaka miwili, kwa mkopo wa SACCO, na utaitwa msomi kwenye vikao vya ukoo.

Faida ya uzamili juu ya shahada, kwenye safu ya elimu, ni 135 kutoa 120. Hizo ni 15. Ndiyo, ni ileile 15. Kwenye safu hiyo, uzamili wako na dada yako aliyehamia Calgary wana uzito sawa, isipokuwa dada hakutozwi ada ya muhula.

Wakati huo umri haulali. Kati ya miaka 20 na 29 asiye na mwenzi ana alama 110. Akifika 30 ana 105, na kuanzia hapo kila siku ya kuzaliwa inakata tano au sita: 33 ni 88, 35 ni 77, 40 ni 50. Baada ya 40 inakata 11 kila mwaka hadi 44, na aliyefika 45 ana sifuri. Subira huvuta heri kwingine kote. Hapa huvuta miaka. Sherehe ya kuzaliwa kwa mwombaji wa Kanada inapaswa kufanywa kimya, watu wakiwa wamevaa nyeusi.

Kijana wetu wa 33 akitoka uzamili ana 35. Umri 77, elimu 135, lugha 124, na fungu la kuunganisha limefika ukomo wake wa 100. Jumla 436. Ametoka 407, amepanda 29, na SACCO inaendelea kukata mshahara.

Hapa sasa tufungue sanduku lililo chini ya kitanda. Vijana wengi wa huku hawakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Walikosa C+ ya KCSE, wakaanza na diploma ya poli, wakafanya kazi, kisha wakasoma digrii. Siku ya kupata digrii, ile diploma ilifichwa. Haitajwi kwa wakwe, haiandikwi kwenye wasifu, na haikupelekwa kwenye tathmini kwa sababu ingeongeza gharama na kumkumbusha mtu alikoanzia.

Sasa, ile kanuni ya kusoma cheti kimoja tu ina mlango wa pembeni: jedwali lina safu inayoitwa vyeti viwili au zaidi, kimoja kikiwa cha miaka mitatu au zaidi. Thamani yake ni 128. Na kwenye fungu la kuunganisha, mwenye vyeti viwili vya namna hiyo hupewa 50, sawasawa na mwenye uzamili. Ikiwa tathmini itaitambua diploma hiyo kuwa kozi kamili inayojitegemea, kijana wetu, akiwa bado na miaka 33, ana umri 88, elimu 128, lugha 124 na fungu 100. Jumla 440.

Soma tena. Diploma aliyoionea aibu inampa 440 leo. Uzamili aliokopea unampa 436 baada ya miaka miwili. Mwongozo wa watu makini ungesema: kabla hujanunua karatasi mpya, peleka za zamani zikapimwe. Huu wetu unasema: iache palepale chini ya kitanda, panya nao wana haki ya kusoma.

Hatua ya sita: Baba awe mwombaji mkuu

Wanandoa huomba pamoja, mmoja akiwa mwombaji mkuu, mwingine akiwa mwenzi. Alama za mkuu hupungua kidogo: shahada inakuwa 112, uzamili 126. Zilizopungua hutafutwa kwa mwenzi, ambaye shahada yake ina alama 8. Ndiyo, nane. Miaka minne ya chuo, mafunzo ya nyanjani, posa na mahari ya ruracio, alama nane. Huo ndio uzito wa elimu ya mwenzi, awe bibi au bwana.

Kwa hiyo kinachofaa ni kupiga hesabu mara mbili, kila mmoja akiwekwa kwenye kiti cha mkuu, na kuchagua jumla kubwa. Tuseme mke ana miaka 29, muuguzi. Mume ana 41, mfanyabiashara mwenye digrii. Kwa umri pekee mke ana 100 na mume ana 35. Tofauti ya 65 kabla hawajafungua faili. Lakini nyumbani kuna heshima, fomu iko mezani, na hakuna aliyewahi kusikia mume akiitwa mwenzi wa mwombaji. Andika jina la baba. Mtabaki Skuta mkiwa na heshima yenu yote.

Hatua ya saba: Chukulia kwamba alama ni leseni

Ripoti ya tathmini inasema digrii yako ya uuguzi ni sawa na ya Kanada. Furahi, kisha ununue sare. Usijali kwamba uuguzi, ualimu, udaktari na uhandisi ni kazi zenye bodi zake katika kila mkoa, na bodi hiyo ina masharti yake na mitihani yake. Alama zinakuruhusu kuingia nchini. Hazikuruhusu kumshika mgonjwa. Ndiyo maana mtu anaweza kufika akiwa na 150 za uzamivu na akaanza kwa kupanga masanduku ghalani usiku, jambo ambalo halimo kwenye picha anazotuma nyumbani.

Kwa upande mwingine, mhudumu wa afya ana tumaini ambalo mwenye MBA hana. Tangu 2023 Kanada huita watu pia kwa makundi ya kazi na ya lugha. Mialiko ya jumla ya mwaka 2024 haikushuka chini ya alama 500, na sasa unaona kwa nini 440 si ya kushonea suti. Mwaka 2025 kundi la afya lilishuka hata chini ya 480. Kundi la wanaojua Kifaransa lilishuka chini ya 400. Mkongomani wa Bukavu, ambaye Kifaransa alikipata darasa la kwanza bila kukiomba, akikifikisha ngazi ya 7 na Kiingereza cha ngazi ya 5 huongezewa 50. Sisi tulikimbia somo hilo kidato cha pili tukachagua kilimo.

Na juu ya yote, mkoa wa Kanada ukikuteua unapewa alama 600. Hizo ni mara nne ya uzamivu. Mtu aliyemaliza uzamivu asisomewe sentensi hiyo akiwa amesimama.

Hatua ya nane: Kama Kanada ni ngumu, hamia nchi nyingine bila kusoma jedwali lake

Ukiwa na uzamili, nenda Australia ukatarajie kuheshimiwa. Huko shahada ya kwanza ni alama 15 na uzamili ni 15. Uzamivu ni 20. Nenda Uingereza ukiwa na digrii yako bila mwajiri. Utakuta kwamba pale kwanza ni kazi yenye mdhamini aliyesajiliwa, ngazi ya kazi, mshahara na lugha, na shahada ya kawaida haina alama zake. Uzamivu pekee ndio unaoweza kuongeza kitu. Na aliyelipia kozi ya kutunza wazee kwa ajili ya viza ya Uingereza ajue kwamba mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ulifungwa Julai 2025.

Ujerumani ilileta kadi yake ya alama, Chancenkarte, Juni 2024, na inataka alama 6. Septemba mwaka huo ikatia sahihi mkataba wa wafanyakazi na Kenya mjini Berlin. Ndani ya siku chache kulikuwa na habari kwamba nafasi za kazi ni 250,000, na serikali ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha hesabu hiyo. Ajenti wa mtaani, ambaye huwa hasomi makanusho, anaitumia hadi leo.

Hatua ya tisa: Mkabidhi ajenti kila kitu

Kufungua wasifu kwenye Express Entry ni bure. Kwa hiyo tafuta mtu wa kukulipisha. Anayeruhusiwa kisheria kutoza pesa kwa kukuwakilisha mbele ya Kanada ni wakili aliyesajiliwa huko, au mshauri aliyesajiliwa na chuo chao cha washauri wa uhamiaji, ambacho orodha yake iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Usiifungue. Angalia badala yake kama ofisi ina kiyoyozi na bendera yenye jani jekundu.

Atakuuzia barua ya kazi. Hapo zamani barua ya kazi iliyokubalika iliongeza alama 50, na kwa vyeo vya juu 200. Tarehe 25 Machi 2025 alama hizo zilifutwa, na sababu moja iliyotajwa ni udanganyifu wa kuuza barua zenyewe. Ajenti hajasikia. Mazungumzo huenda hivi:

"Kijana, hii barua ni alama hamsini."

"Lakini nasikia zilitolewa, mkubwa."

"Zilitolewa kwa wale wengine. Wewe mama yako namjua."

Ukisikia maneno hayo, toa pesa. Wenzetu wa Bonde la Ufa walishatuonyesha njia: mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai mamilioni waliyolipia mpango wa masomo wa Finland na Kanada, nao ulikuwa na baraka za serikali ya kaunti.

Bado kuna pesa za kujikimu. Mtaalamu wa kutoka nje asiye na kazi Kanada lazima aonyeshe, kwa mwaka 2025, zaidi ya dola 15,000 za Kanada akiwa peke yake. Peleka hatimiliki ya shamba la Tetu. Watairudisha, thamani ya ardhi haihesabiwi. Peleka mkopo wa chama. Hauhesabiwi pia, wanataka pesa zako mwenyewe zisizodaiwa na mtu. Ng'ombe hawakutajwa, lakini usijaribu.

Maswali ya mwisho

*Nikiwa fundi hodari bila digrii, nimepotea?* La. Kuna njia ya mafundi ambayo haidai tathmini ya vyeti, na Kiingereza chake ni cha chini: ngazi ya 5 kuzungumza na kusikiliza, ya 4 kusoma na kuandika. Inadai miaka miwili ya kazi ndani ya mitano iliyopita, pamoja na ajira au cheti cha ufundi cha mkoa. Fundi stima wa Skuta hajui kwamba ipo, kwa sababu hakuna anayembandikia tangazo.

*Nifanye nini kwanza?* Kikokotoo cha alama kiko kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, na hakilipiwi. Nusu saa ya saiba inatosha: ingiza umri, vyeti vyote ulivyomaliza pamoja na kile unachokionea aibu, na Kiingereza cha mtihani wa majaribio uliojisahihisha bila huruma. Kisha badilisha kitu kimoja kimoja uone kipi kinapandisha jumla na kwa gharama gani. Ukimaliza utajua kama ukosefu wako ni cheti, ni lugha, au ni miaka ambayo hakuna chuo kinachoiuza.

*Na ajenti je, nimwambie nini?* Mpe jumla yako, umuulize ni safu gani ya jedwali atakayoipandisha, na kwa alama ngapi. Akitaja safu, keti. Akimtaja mama yako, aga.